Nimetumwa Tu

Shemeji yangu hajawahi kununua kitu kwa bei iliyoandikwa. Aliuza mapazia Kariakoo kwa miaka mingi kabla bahati nasibu ya viza haijamtupa Houston, na mpaka leo anaamini kwamba bei iliyobandikwa ni salamu tu ya kufungulia mazungumzo. Mashine za kujilipia katika maduka ya vyakula zimemshinda kwa sababu moja: hazibishani.

Basi jirani yake alipovunjiwa kioo cha gari, na yeye akaamua kwamba nyumba yake inahitaji bastola, nikajua nitachukuliwa. Kiingereza chake hakina tatizo. Kazi yangu ilikuwa kusimama pembeni na kuguna kila bei inapotajwa, maana mnunuzi mzoefu haendi sokoni bila mtu wa kuguna.

Sisi tuliokulia Tanzania bastola tunaijua kwa kuiona kiunoni mwa askari, na raia anayeitaka lazima aombe, ahojiwe, asubiri. Texas, tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 asiye na zuio la kisheria anaweza kuibeba bila kibali chochote. Nilitegemea duka la bastola liwe na giza kidogo na harufu ya makosa. Lina taa nyingi, kapeti safi, na kona ya fulana za watoto.

Kigezo cha shemeji kilikuwa kimoja. "Nataka inayobeba nyingi. Sitaki kuishiwa katikati ya kazi."

Alikuwa anataka magazini ya safu mbili, yaani kikasha cha risasi kinachoingia kwenye kitako, ila hakujua inaitwaje. Katika bastola nyingi za zamani risasi hukaa ndani ya kitako moja juu ya nyingine, mstari mmoja, ndiyo maana ile M1911 ya jeshi la Marekani ilibeba saba tu kwenye magazini. Ya safu mbili huzipanga kwa kupishana, moja kushoto moja kulia, halafu inazibana kule juu ili zitoke mojamoja. Mbunifu wa silaha John Browning alifariki Ubelgiji mwaka 1926 kabla hajaikamilisha bastola iliyokuja kuupa mpango huo umaarufu. Aliyeimaliza ni Dieudonné Saive, Mbelgiji aliyebuni magazini yake, na mwaka 1935 ikatoka ikiwa inameza risasi 13. Wingi huo unalipiwa na kiganja, kwa sababu kitako kinanenepa. Shemeji ana vidole vifupi, jambo ambalo halijawahi kumsumbua popote pale maishani.

Kabati la kioo lilipangwa kwa bei, ndogo kushoto, kubwa kulia. Shemeji akaanzia kulia, ili muuzaji aone amekuja mtu mwenye nafasi. Huko mwisho kulikuwa na Atlas, ya zaidi ya dola 5,000. Niliguna kabla ya zamu yangu. "Gari tulilokujia halifiki hapo," shemeji alininong'oneza, bila kuacha kutabasamu. Iliyofuata ilikuwa Staccato, inayotengenezwa Texas hiihii na kampuni iliyokuwa ikiitwa STI hadi 2020: ni ileile M1911 ya zamani iliyopanuliwa tumbo ipokee safu mbili, kwa dola 2,500 hivi. Muuzaji, mzee mpole mwenye ndevu nyeupe, aliifungua, akahakikisha haina kitu, akamwonyesha shemeji naye ahakikishe, ndipo akamruhusu kuvuta triga. Triga ile huivuti, unaiwaza. Shemeji alikaa kimya kwa muda ambao sijawahi kumsikia akikaa kimya mbele ya bidhaa.

Pembeni yake ilikuwepo Springfield Prodigy, iliyoingia sokoni 2022 kwa dola kama 1,500, kwa ajili ya watu wenye tamaa ileile na mshahara mwingine. Ukizidi kwenda kushoto unaingia nchi ya plastiki: Glock 17, M&P ya Smith & Wesson, P320 ya SIG, zote za risasi 17, nyingi zikicheza kati ya dola 500 na 700. Kushoto zaidi kulikuwa na Canik ya Waturuki, halafu Taurus ya Wabrazili, ambayo unaweza kuondoka nayo kwa dola 300 na ushee.

Nilizitazama zote kwa jicho la mtu asiyenunua, ambalo ndilo jicho lenye akili, na nikapata msimamo ambao sijaubadilisha. Ukitoka dola 300 kufika 600 unalipia rekodi ndefu na vipuri vinavyopatikana kila mahali. Ukitoka 600 kufika 2,500 unalipia chuma na ile triga. Kutoka hapo kwenda juu unanunua hadithi ya kusimulia watu, na watu wenyewe lazima wawe wanaelewa, la sivyo umepoteza dola 3,000 kuwasimulia wakwe ambao wanauliza tu kama inalipuka.

Shemeji akaangukia kwenye Glock. Kisha akaegemea kioo, na nikaisikia Kariakoo ikipanda kooni mwake.

"Mzee wangu, hii bei ya watalii. Niambie ya mwisho."

Mzee akasema hiyo ndiyo ya mwisho, na kodi ya asilimia 8.25 haijaongezwa. Shemeji akataja mia nne. Mzee akatabasamu. Shemeji akaanza kuondoka polepole kuelekea mlangoni, mgongo ukiwa umekaa tayari kuitwa. Hakuitwa. Akasimama kwenye zile fulana za watoto, akazishikashika, akarudi mwenyewe. Ndipo akatoa kauli ambayo kila aliyewahi kununua shuka mjini Dar anaijua.

"Sikiliza. Yangu siyo hii. Mimi nimetumwa tu. Mwenye hela amenipa mia nne na hamsini, zaidi ya hapo sina ruhusa."

Kariakoo maneno hayo yangempatia punguzo na pengine soda. Hapa tabasamu la mzee liliganda. Akaichukua Glock, akairudisha ndani, akafunga kabati kwa ufunguo, akasema kwa adabu kubwa kwamba leo hataweza kumuuzia kitu chochote.

Ilibidi nimtoe nje nimweleze. Kila anayenunua bunduki au bastola kwenye duka lenye leseni hujaza fomu ya serikali, namba 4473, na miongoni mwa maswali yake kuna hili: je, mnunuzi halisi ni wewe? Zawadi ya kweli inaruhusiwa. Kununua kwa hela ya mtu mwingine, kwa niaba yake, huku umejaza kwamba mnunuzi ni wewe, ni kosa la jinai linaloweza kukupeleka jela. Muuzaji akisikia "nimetumwa" hana haja ya kusikia la pili.

"Hata kama aliyenituma ni mtu mwema?"

Hata kama. Nikamsimulia kesi ya Abramski, askari polisi wa zamani wa Virginia, aliyemnunulia mjomba wake Glock 19. Mjomba alimpa hundi ya dola 400, na mjomba mwenyewe hakuwa na zuio lolote. Angeweza kwenda dukani kwa miguu yake. Kesi ilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2014 majaji watano dhidi ya wanne wakasema kosa ni kosa.

"Sasa kwa nini mjomba hakwenda mwenyewe?"

"Duka lilikuwa na punguzo kwa polisi."

Shemeji alifumba macho. "Yaani alikuwa anatafuta punguzo tu!" Sijawahi kumwona akimwonea huruma kiasi hicho mtu asiyemjua. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Punguzo tu, jamani."

Kwenye duka hilo hatukurudi. Tulihamia uwanja wa shabaha, ambako kwa ada ndogo unakodi bastola moja baada ya nyingine na kuzijaribu, chini ya uangalizi wa mwalimu, mama mmoja aliyestaafu jeshi. Hapo shemeji akagundua mambo ambayo kabati la kioo halisemi. La kwanza, sanduku la risasi 50 linakaribia dola 15, kwa hiyo magazini moja ya risasi 17 ni dola tano zinazokwisha kabla hujamaliza kukohoa. La pili, risasi haziingii kwa hiari. Kumi za mwanzo zinateleza; zile za mwisho unazisukuma dhidi ya springi kwa kidole gumba mpaka ukucha unabadilika rangi, na huo ndio wingi alioutaka.

La tatu liliniburudisha zaidi. Alifyatua ya dola 300, akafyatua ya dola 600, akakodi hata ile ya dola 2,500. Risasi zote, bila ubaguzi wa bei, zilikwenda chini kushoto. Mwalimu aliitazama karatasi, akamtazama yeye. "Hiyo siyo bastola," akasema. "Ni kidole."

Akaiweka bastola mezani ili aelekezwe upya, na hapo jirani wa upande wa kushoto akafyatua. Ganda la risasi linaruka likiwa limetoka kuungua baruti, na shemeji alikuwa amevaa shati la kitenge lenye shingo pana, lililoshonwa kwa ajili ya joto la Dar na siyo kwa ajili ya mvua ya shaba. Ganda lilitua shingoni, likashuka. Alicheza mdundiko mzima, na mikono, na mabega, na sauti. Mwalimu alisimama kati yake na meza kwa utulivu wa mtu aliyeshaona mengi, akangoja ngoma iishe, akasema watu huja na fulana za kubana shingo.

Siku hiyohiyo, garini, nilimsomea kwenye simu habari za Gaston Glock: kwamba kabla ya kushinda zabuni ya jeshi la Austria mapema miaka ya 1980 hakuwa mtu wa bastola kabisa. Karakana yake ilitengeneza visu, na fimbo za mapazia.

"Fimbo za nini?"

"Za mapazia."

Tulipitiliza mchepuko wetu wa barabara kuu. Mjadala ukawa umekwisha. Staccato ikafutika, Canik ikafutika. Bahati nzuri kiganja kiliafiki: Glock za siku hizi zina vipande vya kubandika mgongoni mwa kitako, na bila kipande hata kimoja kidole chake kifupi kiliifikia triga. Katika duka la pili alilipa bei iliyoandikwa, na kodi, huku akimwambia muuzaji mara kwa mara, bila kuulizwa, "Ni yangu mimi. Hela yangu. Sijatumwa."

Hakuondoka nayo. Jina lake ni la aina ambayo ukiliita Kariakoo wanageuka watu wengi, na majibu ya ukaguzi wa FBI yakarudi yakisema subiri. Alichoondoka nacho ni kasha la chuma la kuifungia, kwa sababu ana watoto, na sheria ya Texas inamtia hatiani anayezembea mpaka mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia silaha yenye risasi. Kasha likakaa chumbani tupu likisubiri. Mkewe hapendi kitu kikae tupu. Akatia pasipoti, akatia bangili zake, akatia hela za mchezo wa akina mama, na kwa kuwa hela za mchezo ni amana ya watu, akabadilisha namba za siri.

Bastola ilipokuja kuruhusiwa ilipewa nafasi iliyobaki, chini kabisa, imeviringishwa kanga. Jumamosi shemeji akitaka kwenda kurekebisha kidole chake, humwita mkewe afungue. Mkewe hutoa kila kitu kitandani, huhesabu hela za mchezo kwa sauti mbele yake, ndipo humkabidhi. Na akirudi, kabla hajavua viatu, huhesabu tena.