Mkono wa Pamba

Mimi ni mtu wa pamba. Nimekulia katikati ya matuta ya pamba hapahapa Kasoli, na hata ng'ombe niliotolea mahari walitokana na fedha ya pamba. Zao hili lina sheria moja ambayo mtoto wa darasa la pili anaijua: ukishavuna, ng'oa masalia yote, kusanya, choma, ili funza wa vitumba asipate pa kujificha hadi msimu ujao. Kwa hiyo mkono wangu umefunzwa jambo moja tangu utotoni. Ukiona shina kavu, ng'oa.

Mama watoto ni mtu wa maua. Ubavuni mwa nyumba, upande wa jikoni, ana kipande cha bustani kisichozidi mikeka miwili, amekizungushia miti ya miiba kuzuia mbuzi. Humo mna kana, majani mapana kama ya mgomba mdogo. Mna ua jekundu la mviringo, lenye nyuzinyuzi mamia kama mpira uliosimama nywele, ambalo yeye mwenyewe alilichimbua chini ya miamba tulipokwenda kutafuta kuni. Na mna lile linalopanda kwenye miiba kwa kujishika na ncha za majani yake, ua jekundu lenye kingo za njano, limepinduka juu kama ndimi za moto. Hilo la mwisho lilitoka Itilima kwa mama yake. Mama mkwe wangu, kwa taarifa yenu, hakubali kuitwa mtu wa Itilima. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mkoa wa Simiyu ulipozaliwa, na yeye anasema hakuhama hata hatua moja, mipaka ndiyo iliyomruka.

Septemba moja dada yangu alijifungua Mwanza. Mama watoto akaenda kumlea mzazi kwa wiki tatu, na mama mkwe akaja kutazama wajukuu. Mila yetu haitaki mkwe na mama mkwe wazoeane, naye ni wa kizamani hasa: hatutazamani usoni, hatuli pamoja, hatuitani. Akawa analala na wajukuu nyumba ya nyuma. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mtoto. Mtoto akiwa shuleni anamwambia mbuzi.

Siku ya nne hivi nikaikagua ile bustani. Septemba huku kwetu mnaijua. Mbuga kule bondeni imepasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, vumbi linapanda hadi kwenye sufuria. Bustani ya mama watoto ilikuwa vijiti na majani ya rangi ya ugoro, hakuna hata jani moja la kijani. Nikasema, maskini, amekosa wa kumwagilia, vyote vimekufa. Ngoja nimfanyie jambo la kheri. Akirudi akute tuta safi la mchicha.

Niling'oa, nikakusanya, nikachoma. Kwa furaha kabisa, nikipiga mluzi.

Kisha nikaingia na jembe. Udongo wa pale nyumbani ni luseni, kichanga chepesi, jembe linazama lenyewe. Pigo la kwanza likatoa vitunguu vikubwa kama ngumi, nikavitupia kuku, kuku wakavitazama wakaondoka. Pigo la pili likaleta mizizi minene ya kana yenye pingili na vichomozo vya waridi, nikairusha kwenye mtaro wa bafuni. Pigo la tatu nikasimama. Chini ya miiba kulikuwa na viazi saba. Laini, vya hudhurungi, kila kimoja kimepinda kama kiwiko cha mtoto, chenye ncha upande mmoja kama chuchu ya mbuzi. Nikavipangusa vizuri kwa kidole gumba, ncha zikawa zinakatika, sikujali. Akili yangu iliniambia ni viazi vitamu vilivyosahaulika, na katika miezi ambayo nyumba nzima inaishi kwa michembe, nani anatupa kiazi kibichi? Nikaviweka kwenye karai, nikamtuma mwanangu: mpelekee bibi avichemshe.

Mtoto akaenda. Nikasikia karai likianguka.

Mama mkwe akatoka jikoni, akanigeuzia mgongo kama heshima inavyotaka, akamshika mjukuu bega.

"Mwambie baba yako," akasema kwa sauti iliyofika kwa jirani wa tatu, "kama amechoka kuishi, mabonde yapo. Asichafue sufuria yangu."

Mtoto akageuka. Tulikuwa tumeachana hatua mbili. "Baba, bibi anasema—"

"Nimesikia. Mwambie bibi nilidhani viazi."

"Bibi, baba anasema alidhani viazi."

"Mwambie hata mbuzi hadhani hivyo."

Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa hatii chumvi. Ua lile linalopanda kwenye miiba, Gloriosa kwa jina la vitabuni, lina sumu mwili mzima, na kwenye kiazi ndiko ilikojaa. Ni kolkisini, ambayo hospitalini hutumika kwa kiasi kidogo sana kutibu jongo. Sri Lanka wapo waliokufa kwa kuvila viazi hivyo wakidhani ni vya chakula. Mimi nilikuwa nimevipeleka jikoni kwa mikono yangu, na nikaagiza viive mapema.

Jioni hiyo nilirudisha kila nilichokikuta. Mama mkwe alisimama mbali, akawa anamhutubia mbuzi kuhusu ngitili. Eti ngitili, yaani malisho ya akiba, unaitenga, unaiacha, unaondoka. Ukiona pamekauka si kwamba pamekufa. Je, kuna mwanamume mwenye akili anayelima ngitili? Mbuzi hakujibu. Tena huyu bibi ana haki ya kusema: mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi ulipoanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado ndani ya Shinyanga, wataalamu waliikuta ngitili kwa wazee kama baba yake, wakajenga juu yake.

Bwana shamba alipopita na pikipiki nikamweleza, nikitegemea atanitetea. Akacheka hadi akazima injini. "Mzee, hata pamba yako ni mti wa kudumu. Ukiuacha unaishi miaka. Sisi ndio tunaukatisha maisha kila mwaka kwa sababu ya wadudu." Miaka arobaini na mitano nalima pamba. Niliingia ndani nikakaa.

Mama watoto alirudi, akaitazama bustani, akanitazama, akaingia jikoni kwa mama yake. Wakazungumza kidogo, kwa sauti ya chini. Wiki nzima nililetewa michembe mitupu, bila karanga.

Mvua ya kwanza ilidondoka Novemba, kumbikumbi wakafuata taa, na matokeo yakaanza kutoka. Kana ya bustanini ilichomoza kwa unyonge, lakini ile niliyoitupa kwenye mtaro wa bafuni ilipanda hadi kifuani, ikatoa maua ambayo wageni huyasifia wakienda kuoga. Yale mapira mekundu yalitoa majani tu, mwaka mzima bila ua, yamenuna kama mwenyewe. Na vile viazi saba: kila kimoja huwa na jicho moja tu la kuchipulia, pale kwenye ncha, na mimi nilikuwa nimeyapangusa. Nilipita pale kila asubuhi. Kilitoka kimoja.

Septemba iliyofuata sikugusa kitu. Niliomba vipande vya kitenge kikuukuu, nikafunga kila shina kavu ili nijue nani amelala wapi, na jioni nikawa nawamwagia kikombe kimoja kimoja cha maji ya kuoshea vyombo. Kulikuwa na kijiti kimoja pembeni mwa uzio ambacho sikukikumbuka, nacho nikakifunga kitambaa, nikakimwagia wiki tatu, nikakipa hadi samadi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kusalimia. Akanigeuzia mgongo, akamshika mjukuu bega.

"Mwambie baba yako, hicho ni kigingi cha mbuzi."