Foleni ya Kutua na Pilau Lenye Kiini

Tangu Baba Zuhura aweke programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta ya mezani, nyumba yetu ya Tabata ina rubani ambaye hajawahi kukanyaga hata ngazi ya ndege. Waongoza ndege wa ndani ya programu aliwazima mapema. Anadai wana maneno mengi, na rubani kamili hujipangia mambo yake.

Jumamosi jioni alikuwa anakaribia Heathrow, London. Uwanja ule una sehemu nne za kusubiria angani: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Ndege hupangwa hapo kama ghorofa, moja juu ya nyingine, zikiachana futi 1,000. Zitokazo kusini-mashariki hupelekwa Biggin. Baba Zuhura akajipeleka mwenyewe, akajiamuru kusubiri.

Mama mkwe, mgeni wetu kutoka Tanga, alishanawa mikono.

"Mwanangu, njoo, pilau linakaribia kuiva."

"Niko kwenye foleni ya kutua, mama."

"Mbele yako yuko nani?"

Kimya kidogo. "Hakuna mtu, mama."

"Sasa unamsubiri nani?"

Akaanza kumfundisha. Unakata kona ya kulia dakika moja, unanyoosha dakika moja, unakata tena, unanyoosha tena kurudi kwenye alama. Kama hakuna upepo, mzunguko unakwisha kwa dakika nne. Juu ya futi 14,000, kunyoosha kwenyewe ni dakika moja na nusu. Upepo ukikusukuma wakati wa kwenda, unafupisha, ili kurudi kusizidi muda wake. Kwa hesabu hizo alihitaji saa ya kuhesabia sekunde, akachukua simu yangu.

Na mimi nilikuwa nimetoka kununua umeme kwa simu hiyohiyo. Ujumbe wa tokeni uliingia rubani akiwa ananyoosha. Akausukuma pembeni kwa kidole, usimzibie sekunde. Mita ya ukutani ikaanza kulia. Akadhani ni ndege inayomlalamikia, akaangalia mafuta, akakuta tani za kutosha, akakata kona nyingine ya kulia.

Kisha giza. London ikazimika, feni ikasimama, na jiko la umeme likapoa pilau likiwa bado lina kiini.

Tokeni ina tarakimu 20. Mama mkwe alimulika kwa tochi, mimi nikasoma, shemeji akapanda kigoda na kubonyeza. Alipofika karibu na mwisho akabonyeza sita badala ya tisa, mita ikakataa, tukaanza upya. Rubani alikuwa nyuma yetu akiuliza kama kompyuta huhifadhi safari yenyewe.

Umeme ukarudi, pilau likaiva. Tulipokuwa tunakula, shemeji, ambaye husoma sana habari za ajali, akatueleza ya ndege ya shirika la Avianca, Januari 25, 1990. Ilisubirishwa angani zaidi ya saa nzima ikielekea New York, ikaishiwa mafuta na kuanguka. Walikufa watu 73 kati ya 158. Waongoza ndege walikuwepo. Lakini kutoka kwenye ile ndege hawakusikia tamko rasmi la hatari. Baba Zuhura akaacha kutafuna.

Ndiyo maana, akasema mwenyewe baadaye, rubani akiambiwa asubiri hupewa pia saa ya kutarajia ruhusa nyingine, apime kama mafuta yake yatatosha. Yeye aliyewazima waongoza ndege hakuwa na wa kumpa saa hiyo, na hakujipa. Angezunguka Biggin hadi alfajiri kwa heshima ya ndege zisizokuwepo.

Siku hizi haruhusiwi kukata kona ya kwanza kabla hajasoma mita na kuandika kwenye karatasi saa ya kutoka, na karatasi hiyo naishika mimi. Nawe msomaji, kama una rubani sebuleni, mwekee utaratibu huo mapema. Na tokeni ikiingia, iingizwe kwenye mita kwanza, ndege itasubiri.