Kikao cha Stoo ya Muziki

Stoo ya mkodishaji muziki, Mbagala, Jumamosi mchana. Jioni kuna harusi. Waliopo: AMPLIFAYA, mzee wa feni mbili, SPIKA, kaka mkubwa wa ndugu wanane, wote wa omu 8, SABUFA, kijana wa taa za rangi aliyeletwa jana, na MITA ya kupimia umeme, mdogo wa umbo, asiyependwa na mtu.

SPIKA: Shikamoo, mzee.

AMPLIFAYA: Marahaba, mwanangu. Sema upesi, feni yangu moja imekwama.

SPIKA: Kamati ya harusi imekaa. Imeazimia kwamba kwa kuwa jirani aliweka spika nne, sisi tuweke nane. Nne huku, nne kule.

AMPLIFAYA: Na amplifaya?

SPIKA: Hilo halikuwa kwenye ajenda.

AMPLIFAYA: Ndivyo zilivyo kamati. Walaji huongezwa kwa kauli moja, mpishi akapigiwa simu baadaye.

SABUFA: Wazee mnalialia nini? Nipo mimi! Someni boksi langu: wati 12,000 za PMPO!

MITA: Hebu geuka.

SABUFA: Nigeuke ya nini?

MITA: Mbele umeandikwa tangazo. Huku nyuma umeandikwa kwamba unatumia wati 60 za umeme. Hizo 11,940 nyingine unakopa kwa nani?

SABUFA: Hizo... ni za kilele.

MITA: Plagi yako ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230, hata wati 3,000 hazifiki. PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila kiwanda hujipigia hesabu yake. Mwenye akili husoma wati za RMS, zile unazoweza kuzitoa mfululizo bila kuungua.

AMPLIFAYA: Mimi sina makuu. Nimeandikwa hivi: kila upande, wati 250 kwa omu 8, wati 400 kwa omu 4. Chini ya omu 4 hakuna kilichoandikwa.

SPIKA: Basi ondoa hofu, mzee. Nne mara nane, thelathini na mbili!

MITA: Mkiungwa kwa mfululizo, sawa, 32, na mzee atabaki kusinzia. DJ wenu huwa anawaunga vipi?

SPIKA: Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Waya unaingia kwangu, unaendelea kwa mdogo wangu.

MITA: Huko ni kuunga sambamba. Kila anayeongezeka anaufungulia umeme njia nyingine ya kupita, na ukinzani unapungua. Wawili wa omu 8 huwa omu 4. Wanne, omu 2.

SPIKA: Yaani tukizidi kuwa wengi, namba inashuka?

AMPLIFAYA: Namba inashuka, joto langu linapanda. Nikitoa volti 40, omu 8 hunidai ampea 5. Omu 4, ampea 10. Omu 2, ampea 20! Hizo sina.

SPIKA: Nani katunga sheria ya kikatili namna hii?

MITA: Georg Ohm, mwalimu Mjerumani. Aliichapisha mwaka 1827, ila kwenye kamati za harusi haijafika.

SPIKA: Wewe naye ni mwongo. Jana umenipima ukasema sifiki hata omu 7!

MITA: Nilikupima umelala, kwa umeme wa betri. Muziki ukianza, ukinzani wako unapanda na kushuka kwa kila noti. Hiyo 8 ni makadirio ya kiwandani, ndiyo maana mzee hapaswi kupelekwa ukingoni kabisa.

SPIKA: Mbona ndugu yetu marehemu Twita aliuawa na wati nyingi za huyo mzee?

AMPLIFAYA: Msinisingizie kifo cha mtoto wa watu!

MITA: DJ alipandisha sauti mpaka mwisho, mzee akaishiwa. Amplifaya akiishiwa hukata mawimbi vichwa, na mawimbi yaliyokatwa hujaa sauti kali za juu. Mpokeaji wa zote hizo ni Twita. Amplifaya dogo lililolazimishwa huua sawasawa na kubwa.

SABUFA: Basi niungeni mimi humo humo. Spika yangu ni ya omu 4, nitawachangamsha.

MITA: Sambamba na hawa, wewe peke yako utakula mara mbili ya kila mmoja wao.

SABUFA: Kwani kuna ubaya?

AMPLIFAYA: Huyu atafika mbali kwenye kamati.

SPIKA: Tufanyeje sasa?

MITA: Ungeni wawili wawili kwa mfululizo: kila jozi omu 16. Kisha jozi mbili sambamba: omu 8. Mzee anatoa wati 250, kila mmoja wenu anapata kama 62, hakuna anayeumia. Sharti muwe wa aina moja.

SPIKA: Sitini na mbili! Nimezoea 200. Wageni watasikia nini?

MITA: Kati ya wati 250 na 400 kuna desibeli 2 tu. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, zinatakiwa wati mara kumi hivi. Watakaolalamika ni wanaosikiliza kwa kuhesabu maboksi.

SPIKA: Hao ndio wanaochanga.

MITA: Basi wachangie amplifaya la pili. Kila moja libebe spika nne, mbili kila upande: omu 4, wati 400, na wewe unapata 200 zako.

(DJ anaingia, waya begani. Anawabeba wote isipokuwa MITA. Ukumbini anaunga nne nne, sambamba, na kumpandisha SABUFA juu kwa urembo. Wimbo wa tatu, taa nyekundu ya AMPLIFAYA inawaka. Kimya.)

SAUTI YA KAMATI: DJ! Hatusikii! Ongeza spika!

MITA (stooni, peke yake): Nawe unayekodi muziki, kabla ya kuhesabu spika, geuza amplifaya usome nyuma, kisha mwulize fundi ameziunga kwa omu ngapi. Akitaja namba ndogo kuliko iliyoandikwa, usilipe mpaka alete amplifaya la pili.