Shahamu Katika Sufuria ya Pilau

Miezi minne na siku kumi mama mkwe alikaa eda, na kila jioni aliuliza swali lilelile: mashua imefunikwa? Akajibiwa, imefunikwa, mama. Haikufunikwa. Bwana wangu na ndugu zake hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na msiba wa baba yao, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyepeleka makuti pwani. Kaskazi ikavuma, jua la Januari na Februari likaipiga mashua ubavuni kutwa, na mtu aliyeijua kuliko wote alikuwa ndani, hatoki.

Mashua yenyewe ni ya marehemu mkwe wangu. Iliundwa Nungwi, na kwa miaka mingi ilivuka mkondo kati ya Mkokotoni na Tumbatu ikichukua watu, magunia ya mchele, mabati, mbuzi, na mara nyingi maharusi. Haina injini. Ina mlingoti wa mvinje, foromali na tanga moja, basi. Sisi tulioolewa katika nyumba hii tuliikuta, tukafundishwa mapema kwamba ina haki zake. Ikipandishwa mchangani lazima awepo wa kuimwagia maji ya bahari asubuhi na jioni, wa kusuka makuti ya kuifunika, na wa kuyeyusha shahamu. Shahamu ilikuwa kazi ya mama mkwe tangu alipoolewa.

Siku aliyotoka eda, baada ya dua, hakwenda kwa jirani. Aliniambia nimfuate, na mwanawe akafuata nyuma, tukateremka pwani. Aliizunguka mashua kimya. Kisha akatia vidole katika mwanya wa ubao na ubao, vikapita mpaka ndani.

"Mwanangu," akamwambia mwanawe, "umeiacha na kiu."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimeshakusamehe. Binti ya ami yako anaolewa Tumbatu, na baba yako alisema vyombo vya harusi vitavuka kwa mashua hii. Hilo ndilo la kushughulikia."

Hapo ndipo mambo yetu yalipoanzia.

Asiyezoea vyombo vya mbao hudhani mashua iliyo nchi kavu imepumzika. Mti uliochanwa mbao hauachi kunywa na kukauka maisha yake yote. Ukilowa hunenepa upande wa mapana, lakini urefu wake haubadiliki hata kidogo cha kuonekana. Kwa hiyo mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu hubanana zenyewe zikiwa majini, na hapo bahari inakuwa ndiyo fundi wa kwanza wa kuziba. Zikikaa juani hukonda, kila mwanya ukafunguka, na pamba iliyokuwa imebanwa ndani ikalegea na kuanguka. Mvua ni mbaya zaidi. Maji ya chumvi huuhifadhi mti, lakini maji ya mvua yakituama ngamani huuozesha. Mashua yetu ilipata jua la kaskazi, na masika yalikuwa mlangoni.

Wa kwanza kuja na dawa alikuwa shemegi yangu mdogo, aliyewahi kufanya kazi kwenye boti za faiba za kupeleka wageni kuzamia. Alikuja na makopo ya gundi na dawa yake ya kugandishia, akachanganya na unga wa mbao, na kwa muda mfupi mianya yote ya upande wa kulia ikajaa kitu kigumu kama jiwe. Kwa macho ilipendeza. Ami akasifu, watoto wakaipapasa. Mama mkwe aliketi juu ya gogo, akauliza jambo moja tu: "Na ubao ukinenepa, utakwenda wapi?"

Hakuna aliyemjibu, maana jibu halikuwapo. Bamvua lilipokuja maji yakafika kwenye mkuku, mbao za chini zikaanza kunywa. Zilipotafuta nafasi hazikuipata. Pale gundi iliposhikilia, ubao ulisukuma mpaka misumari miwili ikang'oka kwenye taruma. Pale isiposhikilia ilitoka vipande virefu virefu, watoto wakaviokota kuchezea. Namheshimu shemegi yangu, na boti za faiba anazijua. Lakini chombo cha mbao hakitaki kitu kisichokubali kusukumwa. Kinataka pamba, na pamba ina sababu zake.

Bwana wangu akapanda gari kwenda Nungwi kumtafuta fundi wa makamo, mtoto wa fundi aliyeiunda mashua hii. Alikuja na tezo, keekee, nyundo na chembeu zake katika kikapu. Alimwamkia mama mkwe, "Shikamoo, bi mkubwa," kisha akagonga kila ubao kwa mpini wa nyundo akisikiliza. Ubao mzima hulia. Ulioliwa hujibu kwa sauti iliyozibika. Alipata mbao mbili zilizoliwa na mdudu wa baharini, yule anayeingia akiwa mdogo kama ncha ya sindano, tundu lake nje halionekani, kisha akakua ndani na kuchimba njia urefu wa mkono. Watu humwita mdudu, lakini kwa asili ni jamaa ya chaza, na gamba lake dogo ndilo analochimbia. Ubao ukipasuliwa unaona njia zimepakwa chokaa nyeupe ndani, safi kabisa. Mtu anaweza kuvuka nao mkondo mwaka mzima asijue kwamba anakanyaga matundu.

Mbao zikabadilishwa, na taruma moja likachongwa upya kutoka tawi la mwembe lililopinda lenyewe. Hapo sina maneno mengi. Fundi alijua kazi yake, nasi tulikuwa wa kumpikia.

Balaa lilirudi alipotamka neno pamba. Aliagiza pamba ya kutosha mashua nzima, bwana wangu akawa anahesabu fedha kimoyomoyo. Watoto waliokuwa wakisikiliza hawakusubiri hesabu. Nilirudi kutoka kisimani nikakuta godoro la chumba cha wageni limepasuliwa toka kichwani mpaka miguuni, sufi imejaa uani, inaelea hewani, imeganda juu ya nguo za kuanikwa na ndani ya chungu cha mchuzi. Magunia mawili yalikuwa yamekwishakimbizwa pwani. Fundi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akawaita watoto wote na kuwaonyesha. Alitia konzi ya sufi katika ndoo ya maji, ikaelea vilevile, kavu. Akatia pamba, ikanywa na kuzama. "Sufi haipendi maji," akawaambia. "Ndiyo maana zamani walijazia maboya ya kujiokolea. Mimi nataka kitu kinachokunywa kikavimba, kizibe. Rudisheni godoro la watu." Godoro halikurudi kuwa godoro. Wageni wa harusi walilala juu ya mikeka na matandiko ya kuazima, na wale watoto ndio walioyabeba kutoka nyumba kwa nyumba.

Pamba ilipopatikana ilikuwa zamu yetu wanawake, ingawa hakuna aliyesema hivyo. Tulikaa barazani na mama mkwe tukiisokota nyuzi nene na kuzilowesha mafuta, na wanaume wakizipeleka kwa fundi. Yeye alizipanga mwanyani na kuzipigilia kwa chembeu, pigo baada ya pigo, mpaka mlio ukabadilika. Mama mkwe alijua kwa mlio huo, akiwa barazani, kwamba mwanya umeshiba. Aliwahi kumwambia fundi arudie sehemu moja ya omo ambayo hakuiona kwa macho, na fundi akarudia.

Sasa shahamu. Kutoka chini mpaka mstari wa maji mashua hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochekechwa na kukandwa pamoja na mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa. Hupakwa kwa kiganja ingali na joto. Deheni humzuia yule mdudu kushika ubao, na juu yake mwani hauoti upesi. Juu ya mstari wa maji hupakwa mafuta ya sifa, yatokayo kwenye maini ya papa, ambayo harufu yake mtu akiisikia mara moja haisahau. Mama mkwe alikuwa na karai lake la chuma kwa kazi hii tu. Tuliposafisha ua baada ya matanga, mtu alilitoa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Wanaume walipolikosa hawakumwuliza yeyote. Walichukua sufuria kubwa iliyokuwa jikoni, wakapiga mafiga matatu pwani, wakayeyusha humo mafuta ya ng'ombe na kumimina chokaa.

Ile ilikuwa sufuria ya kikundi cha akina mama, tuliyoazimwa kwa pilau ya harusi.

Niliisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu na kwa ukwaju. Nilichemsha ndani yake majani ya mchaichai. Ilikuwa inang'aa, lakini ukiinamisha uso unasikia ng'ombe na chokaa. Mwenyekiti wa kikundi alikuja kuitazama, akanusa, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hii sasa ni ya mashua." Tukanunua nyingine, na ile imekaa stoo mpaka leo kwa kazi ya deheni tu.

Katika siku hizo dada yake mama mkwe, anayeishi Maskati, alisikia habari zetu akatuma ujumbe mrefu wa sauti. Alisema kila akipita Al Bustan huiona merikebu iliyowekwa katikati ya mzunguko wa barabara, Sohar, ile iliyoundwa Sur na kushonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Mwingereza Tim Severin na wenzake waliondoka nayo Maskati Novemba 1980, wakafika Canton, China, Julai 1981. Na chini ya maji ilipakwa nini? Chokaa na shahamu. Mama mkwe aliurudia ujumbe ule mbele ya wanawe wote, simu ikiwa juu ya mkeka, halafu akawaeleza habari za mtepe wa pwani hii, nao ulishonwa, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Niliona nyuso za wale vijana zikibadilika. Walikuwa wanaiona deheni kama umaskini wa wasioweza kununua rangi.

Tulisubiri bamvua. Huku kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na mashua nzito haishuki mchangani kwa nguvu za mikono peke yake. Ikaelea alfajiri, watu wakapiga takbira, na kabla jua halijapanda ngama ilikuwa imejaa. Ami akaanza kufua maji kwa ndoo, akapiga kelele vijana wote waingie. Mama mkwe akaingia majini mpaka magotini, kanga imefungwa kifuani, akamwambia, "Shemegi, wacha. Iacheni inywe."

Wakatia mifuko ya mchanga ndani, mashua ikatua kwenye kina kifupi, maji yakibusu kingo zake, ikaachwa hivyo kwa siku kadhaa. Habari zikaenea kwamba chombo cha marehemu kimezama. Wanawake wakaja na mabuibui yao kutupa pole, mmoja ameleta uji na mwengine mihogo, wakimkumbatia mama mkwe. Yeye aliwapokea wote vizuri, akawakalisha, akawaeleza: haijazama, inavimba. Nusu yao hawakumsadiki. Maji yalipokupwa fundi alitoa mchanga, akafua ngama, akakausha kwa tambara. Maji yalipojaa tena mashua ilielea, na lile tambara likabaki kavu.

Tanga lilishonwa sebuleni, kwani hakuna uwanda mwengine uliotosha. Kwa usiku kadhaa tulikula uani. Viraka vipya tulivishona mara mbili pembeni, mahali pa joshi na demani, maana huko ndiko upepo unakovuta na ndiko tanga la zamani linakochanika kwanza.

Kuvuka kwenyewe kulikuwa kufupi. Kusi nyepesi, maji yanajaa, kabati na kitanda vimefungwa kwa kamba katikati, magodoro ya sponji juu yake, wanawake tukiimba. Bwana wangu alishika kana ya usukani. Ami alitazama ngamani kila mara, hakukuta cha kufua. Vyombo vya binti ya ami vilifika Tumbatu vikavu, kama baba mkwe alivyosema.

Tangu hapo mashua hupandishwa kwa zamu, hukwanguliwa na kupakwa deheni mpya, na makuti yake yana mtu aliyeandikwa jina. Shemegi yangu mdogo amejifunza kutia kalafati kwa fundi wa Nungwi, na sasa vijana wengine wa Mkokotoni humwita.

Najua ziko nyumba nyingi, kuanzia Pemba mpaka Kilwa na Lamu, ambamo mzee amefariki na chombo chake kimelazwa pwani, wana wanabishana kukiuza kuni au kukinunulia dawa ya dukani. Nawaomba: leo hii kifunikeni makuti, kimwagieni maji ya bahari, msikiache na mvua ndani. Kisha kabla ya kununua kopo la gundi, kamwulizeni mama yenu.