Sifa za Noah ya Moa

Jahazi limeshasifiwa vya kutosha. Mnazi umesifiwa kuanzia mizizi hadi kilele. Hata mkonge, uliochoma viganja vya babu zetu, una mahali pake pa heshima katika historia ya Tanga. Lakini msafiri anayeshuka mashuani pale Moa, suruali kaikunja hadi magotini na viatu kavishika mkononi, hupokewa nchi kavu na kiumbe ambaye hajatungiwa hata ubeti mmoja: Noah iliyoegeshwa kivulini, milango wazi, dereva haonekani, na mpiga debe anaapa kuwa amebaki mtu mmoja tu gari liondoke. Deni hilo nataka kulilipa.

Wala si mwiko kusifu vitu vya namna hii. Lucian, mwandishi wa karne ya 2 aliyezaliwa Samosata na kuandika kwa Kigiriki, alimsifu nzi kwa ufasaha wote wa kusifia wafalme. Erasmus wa Rotterdam alichapisha sifa za upumbavu mwaka 1511, na wenye akili wanamsoma hadi leo. Ikiwa nzi alipata wa kumsifu, itakosaje Noah, ambayo hupakia dagaa pamoja na nzi wake, na nzi hatozwi nauli?

Sifa huanza na nasaba. Kwa upande wa baba, Noah yetu ni Mjapani. Kwao ilikuwa gari la familia moja: baba, mama, watoto wawili, na siti zilizobaki zikibeba hewa. Ikapigwa mnada, ikavuka bahari, ikateremshwa bandarini ikiwa na umri ambao kwao huitwa uzee na kwetu huitwa ndiyo kwanza. Haijasahau lugha yake. Dereva akizungusha ufunguo, sauti ya mwanamke hutoka mbele na kusema jambo kwa Kijapani, kwa adabu kubwa. Wajuzi wanasema anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za kule haijachomekwa. Kwa miaka yote hii hajachoka kukumbusha, na hajajibiwa. Bibi mmoja wa siti ya kati, kwa kuwa hapendi salamu ipite bure, humwitikia: "Marahaba, mwanangu."

Kwa upande wa mama, nasaba yake ni ya hapa hapa, na ni ya zamani kuliko injini. Aprili 1915, katika Ghuba ya Manza, jirani na Moa, iliingia meli ya Kijerumani Rubens, imejifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, huku manowari ya Kiingereza Hyacinth ikiifukuza kwa mizinga. Meli ikaungua, ikakaa chini, Waingereza wakaenda zao wakidhani kazi imekwisha. Wajerumani wakaopoa bunduki na risasi kutoka tumboni mwake. Mzigo ule ulitoka pwani ukiwa vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika, ambao hakuna aliyewauliza kama wamejaa. Noah ni mrithi wa wale. Ndugu zake wa mjini ni chai maharage, magari ya mabenchi yaliyowakalisha abiria wa Dar es Salaam wakitazamana, na daladala, zilizotambuliwa rasmi mwaka 1983 baada ya mabasi ya UDA, shirika la umma la usafiri la jiji hilo, kuzidiwa. Ukoo mzima una tabia moja: huzaliwa pale ambapo watu wamechoka kuisubiri serikali, wakaamua ni afadhali wasubiriane wenyewe.

Baada ya nasaba, hekima. Maadui wa Noah hudai kwamba haina ratiba. Mji wa Tanga, wanasema, unajitapa kwa waja leo, warudi leo. Noah ya Moa inamwongezea mgeni sharti la tatu, akijaliwa. Huu ni uzushi wa watu waliozoea saa za ukutani. Mashua zinazotoka Pemba, au Vanga na Shimoni upande wa Kenya, hazizijui saa hizo. Zinakwenda na maji na upepo. Na maji yenyewe, kila siku, huchelewa kwa dakika hamsini hivi: leo yakijaa saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa tano, na keshokutwa hayataomba radhi. Juu ya hapo weka kusi likiwa kali, nahodha akaona bora alale. Weka bamvua, maji yamepwa hadi mbali, abiria wanatembea matopeni na mizigo kichwani. Sasa mpe bwana mmoja wa ofisini kazi ya kupanga basi la saa mbili kamili asubuhi. Litakutana na mashua siku chache katika mwezi, na siku nyingine zote litaondoka kwa wakati, tupu, likipigiwa makofi na mpangaji wake. Noah, isiyojua kusoma, imeufahamu mwezi kuliko huyo bwana. Inaondoka watu wakifika, kwa sababu watu hufika bahari ikipenda.

Kisha kuna hesabu. Siti tupu si tupu. Ina mtu anayeilipia. Ama mwenye gari ataila hasara, ama abiria waliomo watagawana, na katika historia yote ya uchukuzi mwenye gari hajawahi kuchagua la kwanza. Kwa hiyo yule anayekusukuma kwa nyonga ili apate robo ya siti anakupunguzia nauli. Ungemjua hivyo tangu mwanzo, ungemkaribisha kwa chai.

Uadilifu wa Noah nao hauna mfano. Tulitangaza ujamaa kwa Azimio la Arusha mwaka 1967, tukahamishiana vijiji miaka ya 1970, na baadaye tukayakunja yale makaratasi kimyakimya. Mahali pamoja tu sera ile ingali inatekelezwa kwa ukamilifu, nayo ni siti ya nyuma ya Noah, ambako mwalimu, mchuuzi wa dagaa, baharia na bibi harusi wa juzi wanamiliki kwa pamoja nafasi iliyotengenezwa kwa watu watatu. Hakuna goti linaloweza kusema hili ni langu. Mtoto wa mtu usiyemjua anawekwa mapajani pako kwa maneno mawili, "Nipakatie, mwanangu," na kabla hujajibu ameshasinzia, na mate yake ni mali ya umma. Shombo ya ndoo ya pweza haimbagui yeyote. Mwenye marashi na asiye nayo watashuka wakinuka namna moja. Tunaambiwa usawa ni ndoto. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa kati ya tenga la samaki na dumu la mafuta.

Wapenda sanaa pia wana fungu lao. Wapo abiria wa aina mbili: wa kweli na wa bandia. Wa bandia ni vijana wa kituoni wanaoketi ndani, wanakunja uso kama watu wenye haraka, mmoja anauliza kwa ukali, "Dereva, tunaondoka au hatuondoki?" Mgeni akiona gari limekaribia kujaa anaingia mbio, analipa, anajibana. Hapo yule mwenye haraka anakumbuka jambo nje, anashuka. Mwingine naye anakumbuka. Gari linabaki na mgeni, kuku wawili na sauti ya Kijapani. Kuna miji inayotoza viingilio ukumbini kwa uigizaji duni kuliko huo.

Na ndani ya kusubiri kuna shule. Atakayekaa saa moja ndani ya Noah isiyotembea atashuka akijua dagaa wa jana wameuzwaje, shilingi ya Kenya imeamkaje, mwani umekauka au umenyeshewa, nani kaposa Jasini na kwa nini upande wa mke bado wanafikiria. Atasikia Kidigo, Kisegeju na Kipemba katika ugomvi mmoja kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Redio ingeweza kumpa baadhi ya hayo, lakini redio haimuulizi mtu yeye ni mtoto wa nani. Noah huuliza, na ikishajua haimwachi: "Kumbe wewe mjukuu wa Mwanajuma! Basi sogea, shangazi yako akae."

Nani basi atamsahau abiria wa mwisho? Katika maisha ya kawaida mchelewaji hulaumiwa. Hapa anaonekana kwa mbali, mfuko begani, hana haraka, na watu kumi wasiomjua wanachangamka kwa furaha ambayo mama yake mzazi alimwonyesha mara moja tu, siku alipozaliwa. Anafunguliwa mlango. Anapokewa mzigo. Aliyekuja wa kwanza, aliyekaa tangu umande haujakauka, anazibana mbavu zake mwenyewe ili ampe nafasi. Vitabu vya dini vimetutangazia kwamba wa mwisho atakuwa wa kwanza. Moa wanaonyesha kwa vitendo.

Ushujaa nao nitautaja, ingawa si kwa urefu, maana uko wazi. Masika ikishuka, njia ya kutoka pwani huwa tope, na gari lililoundwa kwa lami ya Nagoya linaogelea hadi kwenye barabara kuu ya Tanga na Horohoro. Barabara hiyo ina kilomita 65 hivi, na ilitiwa lami kwa fedha za Marekani za mkataba wa Changamoto za Milenia wa 2008. Lami ina raha yake na ina trafiki wake. Sheria ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inahesabu siti, na haki iko upande wake: gari lililozidisha watu likipinduka, hakuna sifa itakayowanyanyua. Noah inaliheshimu jambo hili kwa namna yake. Ikikaribia kizuizi, mtu mmoja kwenye kila siti anakumbuka kwamba njia iliyobaki ni fupi na kutembea ni afya. Anashuka kwa hiari, anapita kwa miguu akisalimia, na anapandia mbele. Sijui somo gani lingetufundisha raia kumwogopa Mungu, sheria na jua la saa saba kwa wakati mmoja.

Wanaoisema vibaya hupenda kuilinganisha na Ulaya. Vema, tulinganishe. Twende Ugiriki, nchi ambayo wanawe walimiliki mashamba mengi ya mkonge hapa Tanga, kwa hiyo hatuendi ugenini sana. Kisiwani Santorini, feri kutoka Piraeus huteremsha watu bandari ya Athinios, chini ya jabali, na barabara inapanda kwa kona za kujikunja. Msafiri ameshalipia siti ya gari la pamoja kupitia intaneti. Anakuta mtu ameshika kibao chenye jina lake. Anakaa, mkanda anafunga, hakuna anayemuuliza mjukuu wa nani. Safi kabisa. Lakini gari hilo nalo husubiri. Meltemi, upepo wao wa kaskazini wa kiangazi, ukiichelewesha feri, dereva anasubiri. Mabegi ya wenzake yasipotoka haraka, aliyetoka wa kwanza anasubiri. Aliyepanga hoteli ya mbali anazungushwa na kila kijiji kabla ya chake. Tofauti ni kwamba wenzetu wameificha subira ndani ya nauli, wakaipiga rangi nyeupe, na mtu anailipa bila kujua kainunua. Noah ya Moa inakuuzia subira ileile waziwazi, mchana kweupe, na bei inapungua kadiri mnavyoongezeka.

Wapo wasioridhika hata hivyo. Bwana mmoja wa mjini, saa mkononi, atatoa noti na kutamka maneno ya kiburi: "Nalipa siti zote zilizobaki. Twende." Dereva hupokea kwa mikono miwili. Gari linatoka. Baada ya mwendo mfupi linasimama kwa mama mwenye mtoto. Utamwachaje mama juani? Kisha kwa mzee na mkungu wake wa ndizi. Kisha kwa vijana wawili ambao, inavyoelekea, ni wajomba wa dereva. Wakifika lami, bwana mkubwa amebanwa dirishani, amelipia siti sita na anakalia nusu, na mkungu uko magotini pake. Wengine huita huo wizi. Mimi naona ni kodi ya mapato iliyokusanywa haraka kuliko zote nchini, na walionufaika wote wamemshukuru ana kwa ana.

Nasikia sasa kuna wenye mpango wa kuleta utaratibu: tiketi za simu, siti zenye namba, saa ya kuondoka imebandikwa ukutani. Siwapingi. Ninawaomba tu waanzie upande wa pili, kwenye maji. Wamwendee nahodha wamwekee saa, wamwendee kusi, wauendee mwezi wenyewe na zile dakika zake hamsini. Siku mashua ya Pemba itakapofika Moa kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, nitakuwa wa kwanza kupanda basi lenye ratiba. Hadi siku hiyo nauli yangu naipeleka siti ya nyuma, juu ya tairi la akiba, na anayetaka mapaja ya kumpakatia mtoto anajua pa kunipata.