Boksa Zilizopita kwa Shangazi

Tabora lastiki haizeeki, inakufa ikiwa kijana. Ukitaka kumjua muuaji, angalia miembe. Wafanyabiashara wa misafara ya pwani walitupandia miembe tangu enzi za njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, na kivuli chake ni neema, lakini kuna inzi anayependa kutaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Ukiivaa nguo hiyo hivyo hivyo, funza anaingia ngozini. Kama nguo yenyewe ni chupi, sina haja ya kuendelea.

Kwa hiyo kwetu nguo ya ndani inapigwa pasi, tena ya mkaa, mbele na nyuma, na kwenye upindo unakandamiza. Bahati mbaya kiuno cha boksa ni mpira, na mpira na moto havipatani. Unaua yai, unaua na lastiki. Miezi michache tu una boksa safi kabisa kiafya, ila ukitaka itembee na wewe lazima uishike.

Hapo ndipo anapoingia shangazi yangu wa Isevya, mwenye cherehani ya kukanyaga na imani kwamba hakuna nguo ya ndani inayotoka kiwandani ikiwa imekamilika. “Kiwandani wanakata tu,” husema. “Kumalizia ni kazi yetu.” Za mitumba hazigusi. TBS, shirika la viwango, ilishazipiga marufuku nguo za ndani zilizovaliwa, na katika jambo hilo shangazi na serikali ni kitu kimoja: “Koti la mtu nitavaa. Historia yake siwezi kuikalia.” Basi hununua mpya, zenye lebo ya XXL na kiuno cha mwanafunzi wa darasa la saba, kisha anazipeleka nyumbani kuzirekebisha.

Kwanza anazifua, kwa sababu pamba mpya hunywea na hataki kushona mara mbili. Halafu anachukua wembe, anafumua ule mkanda wa kiunoni wenye majina ya watu tusiowajua, uzi mmoja mmoja. Anapinda kitambaa kupata njia ya lastiki, anaacha uwazi wa upana wa kidole, anachomeka pini kwenye ncha ya lastiki mpya na kuisukuma humo ndani. Pini ikifika nyuma, mbali na kila msaada, hufunguka. Kuna wakati shangazi anaongea na pini iliyofunguka kwa lugha ambayo mtoto hatakiwi kuisikia, na hapo ndipo nilipojifunzia Kinyamwezi changu kizuri zaidi.

Lastiki tunanunua sokoni kwa mtani wetu Mgogo. Huyu anaipima akiwa ameivuta. Anaikaza toka ncha hadi ncha ya rula, anasema “mita hiyo,” anakata, na ile mita ikifika kwenye mfuko inakuwa imerudia akili yake ya zamani. Jambo lenyewe halikuanza jana. Zamani Unyanyembe, Tabora yetu hii, ilikula, ikavaa na ikalipana kwa nguo: merikani kutoka viwanda vya Massachusetts, kaniki kutoka India. Kipimo kilikuwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, minane ni doti, na ndiyo sababu mpaka leo khanga tunanunua kwa doti. Sasa mkono wa nani? Sina shaka kila muuzaji alimtuma kijana wake mfupi na kila mnunuzi alikuja na binamu yake mrefu. Na misafara ikipita Ugogo ilitozwa hongo, nayo ilikuwa nguo.

“Mababu zenu walitumaliza kwa hongo,” shangazi alimwambia siku moja, akiinua lastiki iliyonywea, “na nyie mmeendelea.”

“Hamkulipa yote, mama,” akajibu Mgogo. “Hii ni riba.”

Wakacheka, shangazi akaongezewa kipande. Utani una faida zake.

Mteja wa heshima wa shangazi ni babu, mstaafu wa reli. Nyonga zinamsumbua, na kuinua mguu ili uingie kwenye tundu la boksa ikawa kazi inayohitaji watu wawili na ukuta. Shangazi akazipasua boksa zake ubavuni, pande zote mbili, akaweka kamba za kufunga, ili mzee avae akiwa amekaa kitandani bila kuinua chochote. Babu akagoma. “Hii nepi.” Shangazi akamwambia, “Baba, nepi unafungwa na mtu. Hii unajifunga mwenyewe.” Hoja hiyo ilimshinda, na kusema kweli ni wazo zuri kuliko mengi ninayoyaona madukani. Mzee anayevaa mwenyewe asubuhi anaamka na ukali wake wote.

Kosa lilikuwa urefu wa kamba. Babu alikuwa barazani na kanzu yake, anasinzia, kamba moja imechungulia pembeni mwa kiti. Kitukuu mmoja alikuwa anahangaika na mwanambuzi, anatafuta pa kumfunga. Akaona kamba. Mwanambuzi alitulia vizuri tu mpaka alipomsikia mama yake, na babu, ambaye kwa kawaida anahitaji kusaidiwa kuinuka, siku hiyo aliinuka peke yake.

Kamba zikaondolewa. Badala yake shangazi akang'oa zile kanda za kunata za viatu vya watoto, za kubandua na kubandika, akazishonea ubavuni. Zinafaa sana, ila zina sauti. Katika hitima ya jirani, pale ambapo msomaji alinyamaza kuvuta pumzi, babu alihamisha goti. Kraaa. Wazee wawili wakageuka. Wa tatu akakagua kanzu yake mwenyewe.

Sidiria zake shangazi nisingezitaja kama asingekuwa anazitangaza. Bega lilipoanza kumgomea kufika mgongoni, alihamishia vishikizo mbele, na waya akauchomoa kwa kukata mshono mdogo kwapani. Nilimsimulia habari za Mary Phelps Jacob, binti wa New York aliyechoshwa na koseti yenye mifupa ya nyangumi iliyochungulia chini ya gauni, akashona leso mbili na utepe, akapata hataza mwaka 1914, baadaye akaiuza kwa dola 1,500. Shangazi alifikiri kidogo. “Walimpunja,” akasema.

Mimi yangu yalinikuta njia ya Ujiji. Stanley, yule mpelelezi, alipotoka Kwihara, hapa kwetu Tabora, mwaka 1871 ilibidi azungukie kusini kukwepa vita vya Mirambo. Mimi nilipanda basi alfajiri, nimekunywa uji, nina chupa ya maji na boksa iliyotoka kwa shangazi jana yake. Kaliua tukaipita, miombo ikatufunika, konda akagonga bodi: “Dawa! Dakika tano!” Kuchimba dawa kuna taratibu zake: kina mama kulia, wanaume kushoto, dereva anapiga honi kabla hujamaliza. Nikachagua mti wangu, nikafungua zipu. Mkono ukaingia, ukatafuta, ukarudi mtupu. Palipotakiwa kuwa na uwazi pana mshono. Mshono wa mara mbili, umenyooka, umefungwa fundo mwisho. Ikabidi nianze upya toka juu, mkanda, kifungo, na ile lastiki mpya ambayo shangazi aliikata pungufu ya kiuno changu ili “ishike”. Ilishika. Honi ikalia. Nilidandia basi likiwa linatembea, mkanda unaning'inia, na mama wa siti ya mbele akanipa vidonge vya tumbo bila kuuliza.

Kigoma nilipiga simu. “Shikamoo shangazi.”

“Marahaba, baba. Umefika salama?”

“Nimefika. Shangazi, zile boksa, pale mbele…”

“Eeh, nilikuta zimechanika. Zote, tena pale pale. Nikasikitika, vijana mna haraka gani? Nimekuzibia.”

Marehemu mumewe alikuwa mtu wa msuli maisha yake yote, kwa hiyo simlaumu. Nilimweleza taratibu kwamba ule ni mlango, umewekwa makusudi, kwamba Chicago walianza kuuza chupi za kiume zenye mlango wa namna hiyo mwaka 1935 na watu wazima wakazigombania. Akanisikiliza hadi mwisho.

“Basi hao hawakuwa na shangazi.”

Niliporudi nikampelekea furushi jingine, maana lastiki hazikusubiri tumalize mjadala. Safari hii nilichukua chaki ya fundi na kwenye kila boksa, pale mbele, nikaandika kwa herufi kubwa: PASIZIBWE. Jioni nikazifuata. Zimekunjwa, zimepigwa pasi, bado zina joto.

“Shangazi, uliona nilichoandika?”

“Uliandika wapi, baba? Mimi si nafua kwanza?”