Sifa za "rudi baadaye"

Mafundi wa tovuti wapewe haki yao. Kanuni za HTTP za 1997 ziliwapa namba 503, yaani huduma imesimama kwa muda, na nafasi ya kutaja saa ya kurejea. Nafasi hiyo huiacha tupu kwa adabu: mgeni hakimbizwi kwa saa.

Nyakabere, upande wa Uvira nchini Kongo (DRC), somo hilo wanalo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ya nchi hiyo ilizimwa, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Hata ukurasa wa samahani haukuwekwa. Unyenyekevu ulioje!

Basi anayesasisha programu mchana, siku ya mwisho ya kulipa ada, asisumbuliwe. Usiku watu wamelala. Nani angeusoma ukurasa wake?